Madrasa iliyofungwa likizo ya Juni: tumlaumu ustadh au tujilaumu sisi?



Sifa zote njema anastahiki Allah (sw), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (saw), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika likizo ya Juni iliyopita tulipata aibu hapa Ziba, wilayani Igunga. Tumeona ni kheri tuieleze hadharani kuliko kuificha, kwa kuwa tunaamini misikiti mingi inayo aibu ya namna hiyo hiyo.

Shule zilipofungwa, wazazi walifanya kama wafanyavyo kila mwaka. Waliwafulia watoto kanzu na mitandio, wakawanunulia juzuu wale ambao zao zimechakaa, wakawaleta madrasa asubuhi wakitaraji wasome mpaka Adhuhuri. Wakati shule zimefunguliwa mtoto hupata saa moja tu ya madrasa jioni, naye huja amechoka na ana njaa. Likizo ndiyo nafasi yake ya kusoma akiwa na akili iliyopumzika. Siku ya kwanza watoto walikuta mlango una kufuli. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Ilipotimia wiki, mama mmoja alimtuma mwanawe mkubwa amtafute ustadh. Kijana alimkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, shati limejaa pumba, akipima magunia ya wateja na kuandika hesabu katika daftari.

Ijumaa iliyofuata wazazi walitusimamisha nje ya msikiti baada ya swala. Maneno yao yalikuwa makali, na hatukuwa na jibu. Jioni ile kamati ilikutana. Wengi wetu tulikuja na shauri moja, kwamba ustadh ameiacha amana, basi aondolewe na atafutwe mwingine. Mmoja wetu alisema mwalimu wa Qur'ani anayekimbilia magunia ya mpunga ameiuza heshima yake. Kikao kilikuwa karibu kupitisha uamuzi.

Ndipo mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hunyamaza vikaoni, alipomgeukia katibu akasema: "Mwanangu, hebu lifungue daftari la mapato na matumizi utusomee. Huyu bwana tunamlipa nini?"

Katibu alisoma. Makubaliano yalikuwa shilingi 50,000 kwa mwezi, kutokana na michango ya wazazi na sadaka ya Ijumaa. Malipo ya mwisho yaliandikwa mwezi wa Februari. Machi, Aprili na Mei palikuwa patupu. Ukurasa uliofuata ulionesha rangi ya ukuta, mazulia mawili na spika mpya ya kuadhinia, na vyote hivyo vilikuwa vimelipiwa kikamilifu. Mzee aliuliza tena: "Na hiyo miezi mitatu, familia yake imekula nini?" Hakuna aliyejibu. Sisi tulioandika daftari lile ndio tuliokuwa tukitaka afukuzwe.

Kikao kilifungwa bila uamuzi. Tulikubaliana kwamba kabla ya kumhukumu mtu mmoja, tulitazame jambo lenyewe: mwalimu anapofanya kazi ya pili wakati wa likizo, je, anakosea? Na kama anakosea, kosa linaanzia wapi? Makala haya ni matunda ya mazungumzo yetu ya wiki kadhaa, pamoja na walimu wa shule wanaoswali nasi.

Walimu wetu wako wapi mwezi wa Juni

Jambo la kwanza tulilotambua ni kwamba ustadh hakuwa peke yake. Katika jamaa ya msikiti wetu wamo walimu wa shule za msingi na sekondari. Tulipowauliza likizo yao huipitishaje, tulipata picha ambayo hatukuwahi kuitazama, ingawa ilikuwa mbele ya macho yetu. Mmoja huwa karani kwenye mizani ya pamba, kwa sababu ana mwandiko mzuri na wakulima wanaiamini hesabu yake. Mwingine hubeba nguo za mitumba kutoka mnada mmoja hadi mwingine. Wa tatu ana pikipiki, naye huendesha bodaboda katika mji mwingine ili wanafunzi wake wasimwone. Mwalimu wa kike anayewasomesha wanawake wetu siku za Jumamosi hushona sare za shule Desemba nzima, kwa kuwa Januari wazazi watazihitaji. Wengine hulima, na huyo hatumhesabu kuwa ana kazi ya pili, kwani huku kwetu kila mtu ni mkulima.

Majira yenyewe yanaeleza mengi. Mihula ya shule zetu ni miwili: wa Januari hadi Juni, na wa Julai hadi Desemba. Likizo ya Juni inaangukia wakati mvua zimekwisha, mpunga umevunwa na msimu wa kuuza pamba umeanza. Fedha inapita mikononi mwa watu, na kila penye fedha panahitajika mtu wa kupima, kuandika na kuhesabu. Mwalimu ndiye mwenye ujuzi huo. Likizo ya Desemba nayo inakuja wakati wa kupanda, gharama zikiwa kubwa na Januari ikikaribia pamoja na mahitaji yake ya shule. Kwa hiyo likizo moja humpa mwalimu nafasi ya kupata, na nyingine humkumbusha anachokosa.

Ni vema tukaondoa dhana moja iliyozoeleka mitaani, kwamba shule ikifungwa mwalimu hana kazi. Kufungwa kwa shule na likizo ya mtumishi ni mambo mawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Siku nyingine ambazo wanafunzi wako nyumbani, mwalimu bado ni mtumishi, na mkuu wake anaweza kumpangia zamu, kumwita kwenye mafunzo au kumtaka aandae kazi za muhula ujao. Walimu wa shule za umma wako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, yenye mamlaka ya kusimamia ajira na nidhamu yao. Mwalimu anayepanga biashara yake ya likizo huipanga ndani ya mipaka hiyo.

Aidha, Serikali yenyewe imezoea kumpa mwalimu kazi ya pili. Katika sensa ya Agosti 2022 walimu wengi walikuwa makarani. Kila uchaguzi mkuu unapofika, utawakuta wakisimamia vituo vya kupigia kura. Mitihani ya taifa husahihishwa na walimu waliokusanywa mahali pamoja kwa siku nyingi na kulipwa posho, na wengine hutumia sehemu ya likizo yao huko. Hakuna anayesema kwamba mwalimu aliyekwenda kusahihisha mitihani ameiuza heshima yake. Kwa nini basi tuseme hivyo juu ya aliyekwenda kupima mpunga?

Desturi ya zamani katika nchi yetu

Wazee wetu walituambia kwamba jambo hili si geni katika ardhi ya Unyamwezi, na maneno yao yanaafikiana na historia iliyoandikwa. Katika karne ya 19, Tabora ilipokuwa kituo kikuu cha misafara baina ya pwani na maziwa, maelfu ya Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na vitambaa, shanga na bidhaa nyingine, kila mtu akiwa na mzigo unaokaribia frasila mbili. Wengi wao walikuwa wakulima. Walivuna kwanza, wakaondoka kiangazi kilipoingia, huku wake zao na jamaa wakibaki kuangalia mashamba na nyumba. Kwa njia hiyo hiyo ya misafara Uislamu nao uliingia ndani ya nchi.

Upagazi haukuwa aibu. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima aliyeiona dunia. Ujira wake ulileta nguo nyumbani, ukasaidia mahari, ukanunua majembe. Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Kadiri biashara ilivyokua, wapo waliofanya upagazi kuwa kazi yao ya kudumu, na mashamba wakawaachia wengine. Kazi iliyoanza kama msaada wa kiangazi ikachukua mwaka mzima. Hilo ndilo tunalopaswa kulihofia kwa walimu wetu. Kazi ya Juni si tatizo ikiisha Juni. Tatizo ni pale Julai inapofika na moyo wa mwalimu ukabaki kwenye mizani.

Wanachuoni waliofanya kazi za mikono

Kwa Mwislamu, swali la kwanza ni dini inasemaje. Hapa hatukupata shida. Katika Sura ya Al-Jumu'a, Allah (sw) anawaamrisha Waumini watawanyike katika ardhi baada ya swala na kutafuta fadhila zake. Mtume (saw) alikisifu chakula ambacho mtu anakila kwa jasho la mkono wake, akamtaja Nabii Daud (as) kuwa mfano. Nabii Musa (as), kabla ya kupewa utume, alikubali kuajiriwa kwa miaka minane au kumi kuchunga mifugo, kama Sura ya Al-Qasas inavyotusimulia.

Wanachuoni wakubwa walifuata njia hiyo. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa, na faida ya duka lake iliwatunza baadhi ya wanafunzi wake, akiwemo Abu Yusuf, aliyekuja kuwa kadhi mkuu. Al-Khassaf, faqihi aliyefariki mwaka 261 Hijria na aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya hukumu za wakfu, alipata jina lake kutokana na kazi ya kushona viatu. Al-Jassas alipata lake kutokana na kazi ya jasi. Majina hayo tunayasoma katika vitabu kila siku bila kukumbuka kwamba ni majina ya ufundi. Laiti wangeishi Ziba leo, huenda kamati yetu ingewajadili.

Kwa hiyo, asili ya jambo hili ni halali. Mwalimu anayetoka kwenda kutafuta riziki ya watoto wake wakati wa likizo yumo katika utiifu, madamu kazi yenyewe ni ya halali. Linalobaki ni kuijua mipaka.

Mipaka mitatu

Mpaka wa kwanza ni wakati. Mafaqihi wanamgawa mwajiriwa katika namna mbili. Yupo anayeuza kazi maalumu, kama fundi cherehani, ambaye anaweza kuchukua kazi za watu wengi kwa pamoja. Na yupo anayeuza muda wake, ambaye wao humwita ajiri khas. Huyu wa pili, katika saa alizoziuza, hana ruhusa ya kumfanyia mwingine kazi bila idhini ya mwajiri wake. Mwalimu ni ajiri khas. Saa za shule zimekwisha kununuliwa. Akizitumia kupiga simu za biashara ya mpunga huku watoto wakinakili ubaoni, anakula ujira wa kazi ambayo hakuifanya. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaotaka kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Tunaizoea kama onyo kwa wenye maduka, lakini kipindi cha dakika 40 nacho ni kipimo.

Mpaka wa pili ni mgongano wa maslahi, na mfano wake mkubwa ni tuisheni. Walimu tuliozungumza nao walikiri kwamba hii ndiyo kazi ya pili iliyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa wateja wako tayari na mtaji ni chaki. Lakini mwalimu anapowatoza fedha wanafunzi wake mwenyewe kwa somo ambalo alipaswa kulifundisha darasani, mlango wa fitina umefunguka. Atashawishika kuliacha somo nusu saa nne asubuhi ili alimalize jioni kwa malipo. Mtoto wa maskini ataumia, hali Januari 2016 ada katika shule za umma ilifutwa mpaka kidato cha nne ili mtoto kama huyo asome. Wizara ya Elimu imeelekeza zaidi ya mara moja kwamba watoto waachwe wapumzike wakati wa likizo. Jirani zetu wa Kenya wameliweka suala hilo ndani ya sheria yao ya elimu ya msingi ya mwaka 2013, inayokataza masomo ya malipo ya wakati wa likizo. Mwalimu mmoja alituambia kwamba ameamua kupima pamba badala ya kuendesha tuisheni kwa sababu hiyo hiyo. "Kwenye pamba," alisema, "hakuna mtoto wangu ninayemdai."

Mpaka wa tatu ni heshima ya kazi ya asili. Ikifika mahali kazi mbili haziwezi kukaa pamoja, mtu mwaminifu huchagua moja waziwazi. Mkoa wetu unao mfano unaojulikana. Julius Nyerere alifundisha shule ya St. Mary's mjini Tabora kuanzia mwaka 1946. Nje ya masomo yake ya darasani aliwafundisha watu wazima wa mji Kiingereza bila malipo, na kwa muda mfupi alifanya kazi ya ukaguzi wa bei madukani. Kazi hiyo ya pili aliiacha alipoona taarifa zake za udanganyifu wa bei hazifanyiwi kazi. Baadaye, akiwa mwalimu wa Pugu na kiongozi wa TANU, mwaka 1955 alitakiwa achague baina ya darasa na siasa, naye akajiuzulu ualimu. Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya mengi yaliyofuata, lakini katika hili kuna somo: hakuendelea kupokea mshahara wa kazi ambayo asingeweza kuitimiza.

Kausha damu

Kuna jambo walimu walilisema kwa sauti ya chini, nasi tunaona ni wajibu kuliandika. Kwa wengi wao kazi ya likizo haikukusudiwa kuongeza utajiri. Imekusudiwa kuwaepusha na mkopo au kuwatoa ndani yake. Ipo mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mkopaji huacha kadi yake ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, na mshahara ukiingia mkopeshaji ndiye anayeutoa kwanza. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Lakini mkopo wa kadi hauandikwi katika karatasi ya mshahara, hivyo kinga hiyo haumfikii.

Sisi Waislamu tunajua uzito wa riba. Tunahubiri dhidi yake mimbarini, na ni haki. Lakini tukimwona mwalimu anabeba magunia mwezi wa Juni ili asiingie katika riba, kisha tukamcheka, tumemsukuma wapi? Kati ya mwalimu mwenye pumba kwenye shati na mwalimu mwenye kadi iliyowekwa rehani, wa kwanza ndiye aliyeilinda heshima yake.

Khalifa aliyekwenda sokoni

Katika mazungumzo yetu kisa kimoja cha historia ndicho kilichotugeuza. Abu Bakr (ra) alipopewa ukhalifa baada ya kufariki Mtume (saw), asubuhi alionekana akielekea sokoni na vitambaa vyake begani, kwani alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Umar (ra) alikutana naye akamuuliza vipi aende sokoni hali mambo ya Waislamu yako mikononi mwake. Abu Bakr alijibu kwa kuuliza familia yake ataipatia wapi chakula. Umar hakumpa waadhi juu ya subira. Walikwenda kwa Abu Ubaida (ra), aliyekuwa mwaminifu wa hazina, na Khalifa akapangiwa posho ya chakula na mavazi, ya kiasi, inayotosha mtu wa kawaida.

Tulikisoma kisa hiki tangu chuoni, na siku zote tulikisoma kama sifa ya unyenyekevu wa Abu Bakr. Safari hii tulikisoma kama wajibu wa jamii. Maswahaba waliona kazi ya pili ya kiongozi wao inawapunguzia wakati wake, na wakatambua kwamba haki ya kudai wakati wote wa mtu inakuja pamoja na wajibu wa kumtosheleza. Sisi tulitaka haki hiyo bila wajibu wake. Tulimtaka ustadh asubuhi, jioni na likizo nzima, kwa shilingi 50,000 tusizozilipa.

Miji ya Kiislamu iliyostawi kielimu ililijua jambo hili. Madrasa ya Nizamiyya, iliyofunguliwa Baghdad mwaka 1067, ilikuwa na mali za wakfu ambazo mapato yake yaliwalipa walimu na kuwatunza wanafunzi. Mwalimu hakungoja kikapu cha Ijumaa kijae. Mji wetu ni mdogo, lakini shamba la mpunga tunalo, na wakfu hauna kiwango cha chini.

Maneno ya mke wa ustadh

Kwa kuwa gazeti hili linasomwa majumbani, tuna haja ya kuyaleta maneno ya mtu ambaye kamati haikuwahi kumsikiliza. Akina mama wawili wa jumuiya yetu walikwenda kumjulia hali mke wa ustadh. Walimkuta akikanda unga wa maandazi. Walipomwambia kwamba kamati inasikitika, aliwajibu: "Dada zangu, mimi sina ugomvi na kamati. Lakini watu husema madrasa inasimama kwa ajili ya mume wangu. Tangu Machi inasimama kwa maandazi haya. Yeye alipokwenda mashineni, mimi ndiye niliyemwambia aende, maana mtoto wetu alikuwa amerudishwa mara mbili kwa kukosa sare. Alitaka kuja kuwaambia. Aliona haya."

Maneno "aliona haya" yalituuma zaidi ya lawama za wazazi. Mtu huyu anawafundisha watoto wetu herufi ya kwanza ya Qur'ani, naye ameona ni afadhali alaumiwe kwa kutoroka kuliko aje kudai haki yake kwetu. Aibu hiyo tumeipanda sisi, kwa kumfanya kila anayedai ujira wa kufundisha dini aonekane ana tamaa. Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, inaruhusu ujira huo, na hata wanachuoni wa baadaye wa madhehebu ya Hanafi waliuruhusu walipoona kwamba bila ya hivyo elimu ingepotea.

Tulichokiamua

Kikao cha mwisho kilifanyika baada ya swala ya Isha, safari hii ustadh akiwa amealikwa. Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya wote. Kisha tuliamua mambo manne, nasi tunayaandika ili tuweze kuulizwa.

Kwanza, malimbikizo ya ustadh yatalipwa kabla ya matumizi mengine yoyote ya msikiti. Hadi tunaandika, miezi miwili kati ya mitatu imekwisha kulipwa. Pili, tumeandika mkataba mfupi unaotaja saa zake, posho yake na wiki mbili za ruhusa wakati wa mavuno, ambapo vijana waliohitimu juzuu watashika darasa chini ya usimamizi wa imamu. Nje ya saa hizo, kazi yake ya halali ni yake, na hakuna mjumbe atakayemuuliza. Tatu, mzee yule yule aliyeuliza swali la daftari ameweka wakfu ekari moja ya mpunga, na mavuno yake yatakuwa ya mwalimu wa madrasa, awe huyu au atakayekuja baada yake. Nne, walimu wa shule wanaoswali nasi wamejitolea kusomesha watoto hesabu na kusoma kwa siku chache za likizo hapo madrasani bila malipo, wiki ambazo wao wenyewe hawana kibarua. Watoto hao hawatakuwa wa darasa moja wala shule moja, na yeyote atakayekuja atapokelewa.

Hatudai kwamba tumelimaliza tatizo. Ekari moja ya mpunga inategemea mvua, na posho tuliyoiandika bado ni ndogo. Ustadh alituambia waziwazi kwamba Juni ijayo, katika zile wiki zake mbili, atarudi mashineni. Tulimjibu kwamba ni haki yake, na mmoja wetu akaongeza kwamba atampelekea mpunga wake akamkobolee, kwa kuwa mizani yake inaaminika.

Kwenu wazazi, tunawausia mtazame kwanza mlichokichangia kabla ya kuuliza mwalimu yuko wapi. Kwenu walimu, wa shule na wa madrasa, tunawausia kwamba riziki mnayoitafuta likizo isiwapunguzie watoto haki yao Julai. Na kwenu wajumbe wa kamati za misikiti popote mlipo, tunawaomba jambo moja dogo. Kabla ya Ijumaa ijayo, fungueni daftari mtazame mwezi wa mwisho mwalimu wenu alipolipwa.

Allah (sw) atuwafikishe katika kutekeleza amana, awabariki walimu wetu katika riziki zao, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.